Mwanafunzi wa Madrasa, Sanad ya Kazi Yako ya Shule Iko Wapi?



Ndugu wazazi na wanafunzi wa Rusizi, leo napenda tuzungumze kuhusu jambo linaloonekana dogo: kazi za Maarifa ya Jamii ambazo watoto wetu wa shule ya msingi hupewa wazifanye nyumbani.

Binti yangu wa darasa la tano aliambiwa aandike kuhusu mto Rusizi. Alileta karatasi tatu safi zenye picha ya rangi. Nikasoma, nikakuta ameandika kwamba maji ya Ziwa Kivu hutoka ziwani na kwenda kaskazini. Nikamwambia, "Mwanangu, pale darajani tunapovukia kwenda Bukavu hujaona maji yanavyoteremka kusini, kuelekea Bugarama mpaka Ziwa Tanganyika?" Akajibu, "Baba, ndivyo ilivyoandikwa." Imeandikwa na nani? Hakujua. Alinakili kutoka kwenye simu ya dada yake.

Tulitafuta jioni mbili. Kumbe maneno yale yalikuwa na asili yake. Maelfu ya miaka iliyopita maji ya Kivu yalielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Ziwa likajaa, maji yakapata njia ya kusini, ndiyo Rusizi ya leo. Binti alikuwa ameacha sentensi moja tu, ile inayosema "zamani", na kweli ikageuka uongo. Na kwa kazi hiyo alikuwa ameshapewa alama nane kwa kumi!

Sasa nauliza. Mtoto huyuhuyu akienda madrasa anasoma hadithi ya kwanza ya Arbaini ya Imam Nawawi, ile ya nia. Hawezi kuisoma bila kusema imepokewa na Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, na kwamba wameipokea Bukhari na Muslim. Iweje Jumapili ataje msimulizi, na Jumatatu shuleni aandike kurasa tatu zisizo na mwenyewe?

Kutaja chanzo si desturi ya kigeni kwetu. Maulamaa wetu walisafiri miji na miji kuhakiki nani kasikia kwa nani, na kama msimulizi ni mkweli na ana kumbukumbu nzuri. Hadithi yenye maneno mazuri ilikataliwa sanad yake ilipokuwa mbovu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuchunguze habari inapotujia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Sisi wa Rwanda tunaijua maana ya aya hiyo kuliko wengi. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilirusha uongo na chuki, na watu wakauawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari. Mtoto anayezoea kuuliza "nani kasema, na kajuaje?" akiwa na miaka kumi, inshallah hatakuwa mtu wa kubeba kila neno akiwa na miaka ishirini.

Wapo watakaosema mtoto wa msingi bado mdogo, asilemewe na mambo ya chuo kikuu. Ni kweli, hahitaji kanuni ndefu. Mistari mitatu chini ya kazi inatosha: nani kasema, nimepata wapi, na lini.

Hilo "lini" lina uzito. Kitabu cha mwaka 2000 kitamwambia mtoto anaishi katika mkoa wa Cyangugu. Tangu mwaka 2006 tunaishi wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi. Mwandishi wa kitabu hakusema uongo, ila wakati umepita. Mwanafunzi asiyeangalia mwaka ataingia makosani akiwa na kitabu kizuri mkononi.

Na si lazima chanzo kiwe kitabu au intaneti. Bibi aliyeuza samaki Kamembe kabla barabara hazijawa nzuri ni chanzo. Mzee aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji cha Bugarama ni chanzo. Mtoto aende kwa adabu, atoe salamu, aombe ruhusa ya kuandika, kisha aandike jina na tarehe. Mzee akisema jina lake lisitajwe, liheshimiwe. Na akinyamaza kwa swali fulani asilazimishwe. Katika nchi yetu wapo wenye majeraha yasiyoonekana.

Mimi nami nina lawama. Niliona karatasi safi nikafurahi kabla ya kuuliza. Wazazi wengine hufanya zaidi: humwandikia mtoto kazi yote ili apate alama. Hapo tunamfundisha kuchukua jasho la mwingine na kuliita lake, na hiyo si amana.

Binti aliiandika kazi upya, ukurasa mmoja tu, na chini akaweka mistari yake mitatu. Hakuongezewa alama. Lakini nilipomuuliza maji yanaenda wapi na zamani yalienda wapi, alinijibu bila kuangalia karatasi.

Shime wazazi, usiku wa leo fungueni madaftari ya watoto, muulize: sanad iko wapi?

Wabillahi tawfiq.