Cairo inahamisha kitovu chake cha usafiri, abiria ndiye anayelipa tofauti

Kituo cha metro cha Al-Shohadaa mjini Cairo kipo mahali ambapo kila kitu kinakutana. Chini ya ardhi zinapishana njia mbili za metro, ya 1 na ya 2. Juu yake kuna Ramses, stesheni kuu ya reli ya nchi. Nje, uwanja mzima umejaa teksi, mabasi ya jiji na yale mabasi madogo ambayo Dar es Salaam yangeitwa vipanya.

Mtu wa Aswan, wa Alexandria na wa mtaa wa pili, wote wanapita hapo.

Sasa serikali ya Misri inautawanya mzigo huo. Oktoba 2024 ilifungua stesheni mpya ya Bashtil, upande wa Giza, kwa ajili ya treni za kusini mwa nchi, lengo likiwa kupunguza msongamano wa Ramses. Mashariki ya jiji tayari kuna Adly Mansour, kituo kikubwa cha kisasa kilichojengwa makusudi ili kiwe kitovu kipya.

Kwenye ramani mpango unapendeza. Kwenye mfuko wa abiria, hesabu ni nyingine.

Kwa nini serikali ina hoja

Cairo inajua vizuri hatari ya kutegemea mlango mmoja. Njia ya 1, iliyoanza mwaka 1987 na kuwa metro ya kwanza Afrika, ilipatikana kwa kuunganisha reli mbili za zamani, ya Helwan kusini na ya El Marg kaskazini, kwa handaki lililopita chini ya katikati ya mji. Njia ya 2 ilipokuja miaka ya 1990, zilikutana sehemu mbili tu: Al-Shohadaa, na Sadat iliyo chini ya Uwanja wa Tahrir.

Agosti 2013, katika machafuko yaliyofuata kuondolewa kwa Rais Mohamed Morsi, Sadat ilifungwa kwa sababu za usalama. Treni zikawa zinapita bila kusimama. Haikuwa wiki wala mwezi. Kituo kilifunguliwa tena Juni 2015, siku moja kabla ya Ramadhani kuanza.

Kwa miezi 22 hiyo, yeyote aliyetaka kuhama kutoka njia ya 1 kwenda ya 2 alikuwa na sehemu moja tu ya kufanyia hivyo: Al-Shohadaa. Ngazi zilezile, korido zilezile, na watu wa vituo viwili wamebanwa ndani ya kimoja. Aliyekuwa na kazi karibu na Tahrir alishuka kituo cha kabla au cha baada, akamalizia kwa miguu.

Jina lenyewe la kituo lina historia ya siasa. Mpaka 2011 kiliitwa Mubarak. Baada ya kiongozi huyo kuanguka kikapewa jina la Al-Shohadaa, yaani mashahidi, kwa heshima ya waliouawa kwenye maandamano. Kituo kikubwa hakikwepi siasa. Atakayekifunga anafunga nusu ya mji, na kila mtawala anajua hilo.

Kwa hiyo kuongeza sehemu za kubadilishia treni ni jambo la maana. Njia ya 3 imesaidia kweli: inakutana na ya 2 pale Attaba, na tangu 2022 inakutana na ya 1 pale Nasser. Leo Sadat ikifungwa, abiria ana pa kuzungukia.

Tatizo ni umbali

Nasser na Attaba zipo katikati ya mji, watu walipo. Adly Mansour ipo mwisho kabisa wa njia ya 3. Hapo metro inakutana na treni ya umeme ya LRT, iliyozinduliwa Julai 2022 kwenda upande wa Mji Mkuu Mpya wa Kiutawala na jiji la 10th of Ramadan. Ipo pia reli ya kwenda Suez, na mabasi.

Mfanyakazi wa wizara iliyohamia mji mpya anakiona kituo hiki kama mkombozi. Lakini anayetoka huko kuja Attaba kununua bidhaa bado ana safari ndefu mbele yake, zaidi ya vituo 16. Na hapo ndipo pesa inapoingia, kwa sababu metro ya Cairo inatoza kwa idadi ya vituo.

Mpaka Machi 2017 tiketi ilikuwa pauni 1, uende uendako. Ikapanda hadi 2. Mwaka 2018 nauli ikaanza kufuata idadi ya vituo: pauni 3, 5 au 7. Kufikia Agosti 2024 ilikuwa pauni 8 kwa vituo 9, 10 kwa vituo 16, 15 kwa vituo 23, na 20 ukizidi hapo.

Maana yake ni nyepesi. Ukisogeza kitovu nje ya mji, unamsogeza abiria kwenye daraja la juu la nauli. Hajaongeza safari yoyote kwa hiari yake, ila analipa zaidi. Na LRT ina tiketi yake.

Kwa abiria wa Bashtil ni hivyohivyo. Mtu wa kusini ambaye treni yake inaishia huko, badala ya Ramses, anakosa kile alichozoea: kushuka kwenye treni, kuteremka ngazi na kuingia metro papo hapo. Akiwa na mizigo na watoto, hiyo si kero ndogo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kusimuliwa sana. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalitolewa Ubungo na kupelekwa Mbezi Luis, na msafiri akaongezewa kipande cha safari ya kuingia mjini. Nairobi nayo ilianza SGR mwaka 2017 na kituo kikawekwa Syokimau, mbali na katikati ya jiji. Angalau pale iliwekwa treni ya abiria inayounganisha na stesheni ya zamani ya mjini, tena kwa ratiba inayofuata SGR.

Cairo ina kila kifaa cha kufanya zaidi ya hapo. Metro, LRT na reli ya taifa zote ziko chini ya wizara moja ya uchukuzi. Tiketi moja inayohesabu safari nzima kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho haihitaji handaki jipya wala mkopo wa nje. Bila hiyo, mwenye haraka na mwenye pesa kidogo wote wataendelea kuitafuta Ramses, hata ikibidi kuzunguka.