Mazungumzo ya Baraza: Siku Moja Mtoni



Katika likizo iliyopita walitufikia wageni, jamaa zetu wakaao Uingereza, mume na mke na watoto wao wanne. Watoto hawa hawaendi shule. Sheria ya huko yamruhusu mzazi kumsomesha mwanawe nyumbani, na mama yao ndiye mwalimu wao, tangu hesabu hata Qur'ani. Jambo hili liliwastaajabisha wengi mtaani petu. Sisi hatukustaajabu sana, kwani chuo tulichosomea kilikuwa ukumbi wa nyumba ya mtu, na mkewe maalim akichoma maandazi uani huku akitusahihisha kwa sauti, wala msahafu hakuushika.

Mama huyo alitueleza kwamba huko kwao wazazi wasomeshao nyumbani huwa na siku yao, hukutana na watoto wao katika jumba la kale, wakasoma tarehe mahali pale pale ilipopita. Akasema, "Maalim, ninyi mnayo majumba hayo mlangoni kwenu, mbona hamwendi?" Hatukuwa na jibu. Basi tukaziita nyumba kadhaa za watoto wa madrasa, akina mama wakapika, na asubuhi ya Jumapili tukaenda Mtoni.

Kasri la Mtoni liko pwani, mwendo wa maili tatu hivi kaskazini ya Mji Mkongwe. Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyelijenga, naye alikaa humo na jamaa zake mpaka alipofariki baharini mwaka 1856. Leo ni magofu: kuta zisizo dari, matao, na hamamu ambazo kuba zake bado zaonyesha ufundi wa waashi wa zamani. Watoto walikimbilia hamamu kwanza, kama tulivyotazamia. Mtoto mmoja wa kiume akauliza ni nani aliyekuwa akiwapikia na kuwafulia watu wote wa jumba kubwa namna hii. Tulimjibu kama ilivyokuwa: watumwa. Tukamwambia pia kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka 1897. Alinyamaza kitambo, kisha akarudi kuitazama ile hamamu, safari hii bila kukimbia.

Tulipokwisha kula, tulitandika majamvi chini ya kivuli, na mgeni wetu akafungua kitabu cha Sayyida Salme, bintiye Sayyid Said, aliyezaliwa katika kasri hilo hilo mwaka 1844. Kitabu alikiandika kwa Kijerumani, kikatoka mwaka 1886. Mama alikuwa na tafsiri ya Kiingereza, akawa asoma kidogo na kutueleza kwa Kiswahili. Watoto waliwaona tausi na paa na mbuni wakitembea uani, na Sayyid mwenyewe akienda na kurudi katika roshani yake iliyoelekea bahari.

Kisha akafika pale palipotugusa sisi. Watoto wa Sayyid walisomea nyumbani, wanaume na wanawake pamoja, katika ukumbi ulio wazi ambamo njiwa waliingia na kutoka wapendavyo. Samani ilikuwa jamvi moja tu. Mwalimu alikuwa bibi mmoja kutoka Oman. Vyombo vyao vilikuwa marufaa ya kuwekea msahafu, kidau cha wino uliotengenezwa nyumbani, kalamu, na mfupa wa bega la ngamia uliosafishwa ukawa mweupe, ndio kibao chao. Lakini vyombo hivyo vya kuandikia havikuwa vya wote. Wavulana walifundishwa kuandika; wasichana walifundishwa kusoma, basi. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akizinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa ngamia, mpaka mkono wake ukakubali.

Hapo binti mmoja wa madrasa yetu, wa umri wa miaka kumi au kumi na moja, alitugeukia akasema, "Maalim, nasi pia twatoka saa ya imla."

Wasomaji wetu, alisema kweli. Katika madrasa yetu saa ya mwisho ni ya imla na khati za Kiarabu. Kwa miaka mingi mabinti wamekuwa wakitangulia kwenda nyumbani ili wawasaidie mama zao kabla ya magharibi, na wavulana wakibaki. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Mama mmoja alituomba, kisha wa pili, nasi tukaona ni wema. Kumbe tumejenga Mtoni ndogo, na mwashi ni sisi wenyewe.

Baba mmoja hakuyapenda mazungumzo yale. Akasema, "Maalim, malizia kisa cha bibi huyo. Kalamu ilimpeleka wapi?" Hakukosa hoja. Mwaka 1859 Sayyid Barghash alipompinga nduguye Sayyid Majid, Salme ndiye aliyekuwa akiandika barua za upande wa Barghash, na umri wake miaka kumi na mitano. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, na mwaka 1867 akabatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani. Tulilisema hilo mbele ya watoto, kwani tarehe ikifichwa nusu si tarehe tena, na moyo wa Mwislamu hauwezi kulisikia bila kusikitika.

Lakini tulimwuliza yule baba: fitina ile aliianzisha nani, mwenye kuandika au mwenye kumtuma aandike? Barghash alijua kusoma na kuandika, na kwa ajili ya fitina yake hakuna mtu Unguja aliyewafungia wavulana saa ya imla. Wanaume wangapi waliosoma mpaka wakabobea wamepotea njia, nasi hatukuvunja vibao?

Na tuyaangalie ya watu wa kwanza wetu. Imo katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kwa Bi Hafsa akamkuta Bi Shifaa binti Abdillahi, akamtaka amfundishe Bi Hafsa ruqya moja kama alivyokwisha kumfundisha kuandika. Na zile kurasa za Qur'ani alizozikusanya Zaid bin Thabit zama za Sayyidna Abubakar, kutoka vifuani mwa watu na katika makuti ya mitende na mawe membamba na, yasemekana, mifupa ya mabega vile vile, ziliwekwa kwa nani baada ya kufariki Sayyidna Umar? Kwa Bi Hafsa huyo huyo. Na Sayyidna Uthman alipotaka kuzinakili, kwake ndiko alikoziomba. Haya tumeyasomesha miaka yote, tukiyahadithia kwa sauti nzuri, na jua likishuka tukiwaambia mabinti, "Nendeni, mama zenu wawangoja."

Baba yule alisema kwamba zama zile si zama hizi, akanyanyuka kwenda kuwatazama wanawe waliokwisha fika majini. Nasi hatukumfuata kwa maneno.

Jumamosi iliyofuata, saa ya imla, mabinti walibaki. Akina mama watatu walituma kuuliza kulikoni, tukawajibu; mmoja akasema kuni zitachanjwa na kaka yake, haidhuru. Yule baba hajamleta bintiye tangu siku hiyo. Tumewekeana ahadi tuonane baada ya sala ya Ijumaa, nasi twamtarajia, kwani ni mtu wa kheri na twamjua tangu utotoni.

Ama yule mwenye kuuliza, mkono wake bado mzito sana. 'Ain yake yafanana na ndoana.