Dakika ya kutua ni sehemu ya kazi

Kati ya mwaka 2007 na 2008, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu utaratibu unaoonekana mdogo mno. Kabla kisu hakijagusa ngozi ya mgonjwa, wote waliomo katika chumba cha upasuaji walitakiwa kusimama kidogo. Kila mmoja alitaja jina lake na kazi yake. Kisha walithibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani, anafanyiwa upasuaji gani na sehemu gani ya mwili. Baada ya hapo ndipo kazi ilipoendelea.

Kusimama huko kulikuwa kwa pili kati ya kusimama mara tatu kulikowekwa katika orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya dawa ya usingizi, na ya mwisho kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Matokeo ya hospitali zote 8, zikiwemo za London, Toronto na New Delhi, yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 ya wagonjwa hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile ilikuwa na mambo mengine muhimu, kama kuhakikisha antibiotiki imetolewa kwa wakati. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingekumbukwa na watu wasiotua.

Ikiwa daktari mwenye kisu mkononi anaweza kupata dakika moja ya kutua, karani, mwalimu, mhasibu na muuza duka wanaweza pia. Kinachowazuia ni mazoea. Katika ofisi nyingi, anayeinua macho kutoka kwenye kompyuta huonekana mvivu, na anayekula huku anajibu simu husifiwa kuwa mchapakazi. “Mambo ni mengi, muda mchache” imekuwa kama salamu.

Lakini kutua hufundishika. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na msongo wa mawazo. Aliyachota katika tafakuri ya Kibudha, akayaweka katika mfumo usiodai imani ya dini yoyote. Msingi wake ni mwepesi kueleza: elekeza akili kwenye jambo moja lililopo sasa, kwa mfano pumzi; ikitoroka, irudishe bila kujilaumu. Kufanya hivyo ndiyo kazi, maana akili hutoroka tena na tena.

Na inapotoroka kazini, hasara huonekana. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Johanna Westbrook walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi 98 wa hospitali mbili za Sydney, Australia, wakati wa kuwapa wagonjwa dawa. Kila muuguzi alipokatizwa, makosa ya kitabibu yaliongezeka kwa asilimia 12.7. Wauguzi wale walikuwa na ujuzi wao. Walichokosa ni nafasi ya kumaliza jambo moja kabla ya kuitwa kwenye jingine.

Wakala wa pesa za simu anaijua hali hiyo vizuri. Mteja mmoja anamtajia namba, wa pili anauliza kama kuna floti (salio la wakala), na simu ya pembeni inaita. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaweza kwenda kwa mtu asiyejulikana. Wakala makini humwomba wa pili asubiri, huirudia namba kwa sauti tarakimu baada ya tarakimu, hulitaja jina linalojitokeza kwenye skrini, na hungoja mteja aseme “ndiye”. Foleni inachelewa kwa sekunde chache tu, na mtu anaondoka na uhakika. Huo ndio utulivu wa akili kazini, bila mkeka wala chumba maalumu.

Karani naye anaweza kuvuta pumzi tatu za taratibu kabla ya kufungua faili jingine. Mwalimu anaweza kusimama mlangoni kidogo, akaliacha darasa alilotoka kabla ya kuingia lingine. Anayesoma ujumbe wa kukera anaweza kuiweka simu chini hadi mapigo ya moyo yatulie, ndipo ajibu.

Hata hivyo, ni kosa kumtwika mfanyakazi peke yake mzigo huu. Hakuna pumzi itakayoponya zamu ya watu watatu inayofanywa na mtu mmoja, wala mshahara unaocheleweshwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unataka mazingira yenyewe ya kazi yarekebishwe na mameneja wapewe mafunzo, pamoja na kumsaidia mfanyakazi mmoja mmoja.

Kwa Tanzania, hatua ya kwanza imeshaandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Mameneja waiheshimu saa hiyo kikamilifu: wasiitishe kikao ndani yake, wasitume maagizo kwenye kundi la WhatsApp na kutarajia majibu papo hapo, na wao wenyewe watoke wakale. Vyama vya wafanyakazi viifuatilie saa hiyo kwa bidii ileile vinayoitumia kufuatilia nyongeza ya mishahara. Na kila idara ijiulize ni hatua gani ya kazi yake ambayo kosa lake ni gumu kurekebisha, iwe ni kuidhinisha malipo, kutoa dawa au kuwasha mtambo, kisha iweke hapo dakika moja ambayo hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mwenzake.