UCHAMBUZI: Barabara ya Baleni na mahitaji ya ulinzi wa Kisiwa cha Mafia

Kata ya Baleni, Wilaya ya Mafia mkoani Pwani, ipo kwenye barabara ya mkoa inayotoka Kilindoni kwenda Rasimkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Bandari na kiwanja cha ndege vyote vipo Kilindoni. Kwa sababu hiyo, gari la askari, la mgonjwa na la saruji yanayokwenda Kirongwe au Bweni hutegemea njia ileile. Katika mazingira hayo, kupanga barabara kwa mahitaji ya jeshi hakumaanishi kujenga barabara ya pili, bali kuhakikisha kuwa iliyopo haikatiki.

Umuhimu wa Mafia kiulinzi si jambo jipya. Januari 1915 majeshi ya Uingereza yalikiteka kisiwa hicho kutoka kwa Wajerumani ili kuiwinda manowari ya Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za Uingereza, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikaangamia. Jiografia hiyo haijabadilika: Mafia bado inatazamana na midomo ya Mto Rufiji.

Vita vya Kagera vilitoa somo jingine. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka lililipuliwa na eneo la kaskazini mwa Mto Kagera likatengwa na sehemu nyingine ya nchi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lililazimika kuweka daraja la muda la vyuma ndipo livuke, huku magari ya mashirika na ya raia yakikusanywa kusafirisha askari na vifaa. Nguvu ya mtandao mzima ilipimwa kwa daraja moja.

Hatari haitoki kwa adui peke yake. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani katika eneo la Mafia, na mvua zilizoambatana nacho zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Kalavati lililosombwa huzuia msafara wa jeshi sawasawa na linavyozuia gari la wagonjwa.

Mpango unaozingatia ulinzi hauna budi kujibu maswali matatu. La kwanza ni uzito: je, madaraja na makalavati yanahimili magari mazito kuliko yale ya kila siku? La pili ni njia mbadala: pakikatika pamoja, je, barabara za vijijini zilizo chini ya TARURA zinaweza kupitisha magari hadi barabara ya mkoa inayosimamiwa na TANROADS? La tatu ni mwendelezo: mzigo unaotoka bara huvuka kwa kivuko kutoka Nyamisati wilayani Kibiti, hivyo lami ya Mafia haina faida kubwa iwapo barabara ya kufika Nyamisati au gati lenyewe halipitiki.

Chombo cha kuyajadili maswali hayo kipo. Mkuu wa Mkoa ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, na ndiye pia anayeongoza Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mahitaji ya usalama yakifikishwa mbele ya bodi kabla usanifu haujakamilika, kuongeza uwezo wa kalavati ni suala la michoro. Yakifika baada ya ujenzi, ni suala la kubomoa na kujenga upya.

Kwa mwananchi wa Baleni, suala hili linagusa pia minazi na nyumba zilizo kandokando ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyekuwapo kihalali katika mita 7.5 zilizoongezwa anastahili fidia eneo lake linapohitajika kwa ujenzi. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya awali hana haki hiyo. Ni vema kila kaya ijue ilipo alama ya mpaka mapema, na viongozi wa vijiji wawaeleze wananchi kabla mitambo haijafika. Ulinzi wa kisiwa huwategemea kwanza wakazi wake, na mkazi aliyetendewa haki ndiye mlinzi wa kwanza wa barabara inayopita mlangoni kwake.