CHUI WA OLDEANI NA MBUZI WA MFANYAKAZI

Hakuna mkazi wa Oldeani asiyejua kwamba msitu ulio juu ya mashamba ya kahawa una wenyewe. Mlima huo, ambao Wamasai waliuita kwa jina la mianzi iotayo juu yake, umefunikwa na msitu wa hifadhi ya Ngorongoro, na mahali pengine ni hatua chache tu zitengazo mstari wa mwisho wa mibuni na mti wa kwanza wa pori. Humo ndimo akaamo chui.

Chui si simba. Simba huenda na jamaa yake, tena hujitangaza. Chui huenda peke yake, usiku, na sauti yake ikisikika ni mkoromo kama wa msumeno ukatao ubao. Jike huzaa watoto wawili au watatu, huwaficha katika mapango na vichaka, naye huwalea peke yake kwa mwaka mzima na zaidi. Hula kila apatacho, tangu panya hata swala, na nyama iliyo nzito huipandisha juu ya mti ambako fisi hawezi kuifuata. Kwa tabia hiyo aweza kukaa jirani na watu miaka mingi, nao wasione ila nyayo zake. (Wako wamchanganyao na duma. Duma ana michirizi miwili myeusi usoni kama ya machozi, tena ni mnyama wa mbuga, hana haja na msitu.)

Katika chakula chake hicho wamo nyani na nguruwe mwitu, nasi twawaomba wakulima walitafakari jambo hili. Mwenye shamba la mahindi anawajua adui zake: nyani mchana, nguruwe usiku. Huko Ghana, simba na chui walipotoweka katika baadhi ya hifadhi, nyani waliongezeka mno wakashuka mashambani, hata wazazi wakawazuia watoto wasiende shule ili wakalinde mimea.

Lakini ni haki gani kumhubiria mtu sifa za chui siku ambayo chui amemlia mbuzi? Mfanyakazi ambaye akiba yake yote ni mbuzi watano, akipoteza wawili kwa usiku mmoja, amepoteza sare za watoto na fedha za dawa. Wakati huo huo magari ya watalii hupita Karatu kila siku kwenda lango la Lodoare, na kila mgeni amelipa fedha nyingi akitumaini kumwona chui huyo huyo. Faida ya chui yaenda mbali. Hasara yake yalala katika zizi la maskini. Mpango wa namna hii hatuwezi kuuita wa haki.

Sheria ya wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 iliruhusu kutolewa kifuta jasho kwa mtu aliyepata hasara ya mifugo au mazao kwa wanyama wakali, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2011. Jina lenyewe lakiri kwamba si fidia kamili. Basi na hicho kidogo kisicheleweshwe. Twawataka maofisa wa wanyamapori na Halmashauri ya Wilaya ya Karatu wamfikie mwenye mbuzi wakati nyayo zingali mbichi, asiambiwe aende na kurudi kwa nauli yake mwenyewe.

Kwa upande wa pili hatutawaficha ndugu zetu ukweli. Kutia sumu katika mzoga ni kosa kubwa, kwa kuwa sumu haichagui: huua fisi, huua tumbusi, huua na mbwa wa jirani. Tanzi la waya alilotegewa nguruwe humnasa chui vile vile. Mwezi Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyama wa pori ni amana tuliyowekewa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Katika miaka ile ile matajiri wa Ulaya na Marekani walishikwa na tamaa ya makoti ya ngozi ya chui, na chui wengi mno wakauawa, mpaka mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 ulipokuja kuifunga biashara hiyo. Hata hivyo, tangu mwaka 2016 chui amehesabiwa duniani miongoni mwa wanyama walio hatarini.

Liko jambo liwezalo kufanywa sasa hivi. Chui hupanda na kuruka. Boma la miiba lisilo na paa halimzuii. Zizi dogo lenye nguzo imara, wavu wa waya na paa, lililofungwa kabla ya jua kutua, humwacha nje. Wenye mashamba makubwa wanayo mabati ya zamani na miti ya kutosha kuwasaidia wafanyakazi wao kuyajenga, na viongozi wa wafanyakazi walipeleke dai hilo kwa waajiri kabla ya mvua za masika.