Mashine Ikigoma Kuwaka

Mashine ya kusagia mihogo ikigoma huko Eringeti, akina mama hurudi nyumbani bila unga, na watoto hulala njaa. Basi tusivute kamba ovyo. Kwanza tutazame swichi, petroli na oili. Baadhi ya injini ndogo hukata cheche oili ikipungua. Halafu tufungue buji. Ikiwa kavu, petroli haifiki: tusafishe kabureta. Ikiwa imelowa, tuikaushe, na petroli iliyomwagika tuipanguse, usije ukazuka moto. Kisha tuirudishie waya wake, tuigusishe na chuma cha injini, mbali na tundu lake, na mwenzetu avute kamba. Cheche ya buluu ikionekana, umeme ni mzima. Isipoonekana hata kwa buji mpya, hapo ndipo tumwite fundi.