Ujumbe wa Saa Sita Usiku Nao ni Ushahidi wa Ajira

Katika miaka ya karibuni limezuka tabaka la wafanyakazi ambalo sheria inalijua, lakini waajiri wake wanajifanya hawalijui. Ni vijana wanaoendesha kurasa za Instagram na Facebook za hoteli, shule, maduka na wanasiasa. Wanaoandika maneno ya matangazo, wanaohariri video, wanaojibu maswali ya wateja usiku, kisha mwisho wa mwezi wanatayarisha ripoti yenye grafu za rangi. Wengi wao ni wahitimu wa vyuo vikuu vyetu. Wameajiriwa, au tuseme wametumikishwa, na kampuni ndogo za masoko ya kidijitali ambazo mara nyingi hazina idara ya utumishi, hazina mkataba wa maandishi, wala hazina hata daftari la likizo.

Naandika kutoka Tukuyu. Msomaji anaweza kuuliza mji huu wa mvua, ndizi na chai unahusiana vipi na masoko ya mtandaoni. Unahusiana kwa njia mbili. Kwanza, vijana wa Rungwe wanaozikimbia kazi hizo Dar es Salaam, Arusha au Mbeya mjini hurudi hapa kwa wazazi wao, na wakirudi huwa hawasemi wamefukuzwa, husema wamepumzika. Pili, kwa kuwa simu janja na bando vinatosha, wapo wanaozifanyia kazi kampuni za mbali wakiwa nyumbani Bulyaga, Katumba au Kiwira, bila kuwahi kuiona ofisi ya mwajiri wao.

Katika kipindi hiki cha likizo ya chuo nimewasikiliza kadhaa, wakiwamo niliowafundisha. Sitataja majina yao wala ya kampuni walizozitumikia, kwa kuwa lengo langu si kumshitaki mtu mmoja bali kuutazama mtindo. Na mtindo upo, maana watu wasiofahamiana, waliotumikia kampuni tofauti, walinisimulia mambo yaleyale kana kwamba walikaa ofisi moja.

La kwanza ni mshahara unaomngoja mteja. Mwezi unaisha, meneja anaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mteja hajalipa, hivyo tuvumiliane, sisi ni familia. La pili ni makato ya adhabu. Binti mmoja alikosea tarakimu moja ya namba ya simu katika tangazo la hoteli. Chapisho lilikaa hewani saa mbili kabla ya kurekebishwa, na mwisho wa mwezi akakuta nusu ya mshahara wake imeondolewa, bila barua na bila kuitwa kujieleza. La tatu ni siku isiyo na mwisho. Ujumbe unaingia saa sita usiku, na asiyejibu huulizwa asubuhi mbele ya wenzake kama bado anaitaka kazi. Kijana mwingine aliomba ruhusa ya ugonjwa akajibiwa kwamba kompyuta mpakato anayo, basi afanye kazi akiwa kitandani. La nne ni jina la tarajali, linalovutwa miezi tisa au kumi kwa posho ya nauli, huku “mwanafunzi” huyo ndiye anayebeba wateja watatu peke yake.

La tano ndilo lililonishughulisha zaidi. Mwenye kampuni humwahidi mteja wafuasi elfu kumi kwa miezi mitatu bila kumuuliza atakayewatafuta. Wasipopatikana, lawama ni za kijana. Wakipatikana, sifa ni za kampuni. Mkulima wa chai wa Rungwe ana malalamiko mengi kuhusu bei na ucheleweshaji wa malipo, lakini jani lake hupimwa mbele ya macho yake na kilo zikaandikwa. Akiona mizani imekwenda kombo, anapiga kelele palepale na majirani wanamsikia. Kijana wa mtandaoni hana mizani. Kipimo cha kazi yake kimo katika akaunti ambayo nenosiri lake hubadilishwa siku atakayogombana na meneja.

Ni rahisi kusema kwamba mameneja hawa wana roho mbaya. Wapo wenye roho mbaya, lakini maelezo hayo hayatoshi. Wengi wao walikuwa mafundi hodari wa picha au wauzaji wenye maneno matamu. Wakapata mteja wa kwanza, wa pili, wa tano, wakajikuta wana watu wanane chini yao bila kufundishwa namna ya kumwongoza hata mmoja. Nao wanabanwa: mteja mkubwa hukaa miezi bila kulipa ankara, na benki haimkopeshi mtu ambaye mali yake ni kompyuta na mawazo. Kwa hiyo mwenye kampuni hukopa pale ambapo hakuna dhamana wala riba, yaani kwa wafanyakazi wake. Mshahara uliocheleweshwa miezi miwili ni mkopo uliochukuliwa bila kumwomba mkopeshaji, na mkopeshaji mwenyewe ni mpangaji wa chumba kimoja anayedaiwa kodi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Neno “familia” hutumika hapo ili mzigo huo usitajwe kwa jina lake.

Sasa tuitazame sheria, kwa sababu watawala wa kampuni hizi hujitetea kwa hoja moja kubwa: hawa si waajiriwa, ni mafundi wa kujitegemea tunaowapa kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiulizi mwenye kampuni amempa kijana jina gani. Inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali sura ya mkataba, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kipo. Miongoni mwa vigezo hivyo ni kwamba namna anavyofanya kazi iko chini ya udhibiti au maelekezo ya mwingine. Kwamba saa zake zinadhibitiwa na mwingine. Kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba anamtegemea kiuchumi. Kwamba amepewa naye vitendea kazi.

Hebu tuutazame upya ujumbe ule wa saa sita usiku. Meneja anapoandika “uko wapi, mteja anasubiri, badilisha rangi sasa hivi,” anadhani anaonyesha ukubwa. Kisheria anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anadhibiti saa na namna ya kazi ya mtu huyo. Kundi la WhatsApp lililokusudiwa kuwa kiboko ndilo daftari la mahudhurio ambalo kampuni haikutaka kulifungua. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa kielektroniki haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki; kinachoangaliwa ni kama unaaminika na kama umetunzwa vizuri.

Baada ya kuthibitika kuwa ni ajira, mengine yanafuata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara kunahitaji ridhaa yake ya maandishi, kosa liwe lake, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Binti wa tangazo la hoteli alikatwa nusu bila lolote kati ya hayo. Mwajiri akishindwa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake, si wa kijana.

Pamoja na hayo, sheria hii ina milango miwili ambayo haki hutorokea. Mlango wa kwanza ni kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Haishangazi basi kwamba vijana wengi huambiwa kazi imekwisha katika mwezi wa tano. Mlango wa pili ni muda. Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60. Tena shauri husikilizwa katika ofisi inayohusika na eneo ambako chanzo cha mgogoro kilitokea.

Hapa ndipo Tukuyu inapoingia katika hesabu. Kijana anayefukuzwa Dar es Salaam bila mshahara wa mwisho hawezi kulipa kodi ya chumba. Anapanda basi, anafika nyumbani, anapewa ndizi na maziwa, analala. Wazazi hawamuulizi sana kwa sababu wanamwonea huruma. Anapopata nguvu ya kuulizia haki yake, siku 30 zimepita, na ofisi inayohusika iko safari ya siku nzima. Tume inaweza kumruhusu aliyechelewa akitoa sababu za msingi, lakini ni wangapi wanajua kuomba ruhusa hiyo? Mwajiri hahitaji wakili. Anahitaji tu kijana arudi kwao.

Mambo haya yakiachwa, hatujui yataishia wapi? Tunajua. Japani inayo kampuni kubwa ya matangazo iitwayo Dentsu. Mwaka 1991 mfanyakazi wake Ichiro Oshima, mwenye umri wa miaka 24, alijitoa uhai baada ya kuelemewa na kazi, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubali kwamba mwajiri aliwajibika. Tarehe 25 Desemba 2015 Matsuri Takahashi, naye wa miaka 24, aliyekuwa katika kitengo cha matangazo ya intaneti cha kampuni hiyohiyo, alijitoa uhai. Mamlaka za kazi zilithibitisha kwamba alikuwa amefikisha takriban saa 105 za ziada katika mwezi mmoja. Rais wa kampuni akajiuzulu, na mwaka 2017 mahakama ikaitoza kampuni faini ya yeni 500,000, kiasi ambacho kwa kampuni ya ukubwa ule ni kama nauli ya bodaboda. Hukumu ya kwanza haikumwokoa binti wa pili, kwa sababu ilibaki kwenye vitabu vya mahakama na haikuingia katika mazoea ya ofisi.

Karibu zaidi nasi ni Nairobi. Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook chini ya kampuni ya Sama, alifukuzwa mwaka 2019 baada ya kuwaongoza wenzake kudai hali bora za kazi. Mwaka 2022 alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta. Tarehe 1 Mei 2023 wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushitakiwa nchini humo. Kazi yao haikuwa masoko, lakini hoja ya upande wa pili ilikuwa ileile tunayoisikia hapa: hawa si watu wetu.

Rungwe yenyewe ina jambo la kuchangia. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu cha Good Company mwaka 1951, alieleza jinsi manung'uniko ya wanakijiji dhidi ya mkosaji yalivyoaminika kuwa pumzi yenye nguvu ya kumletea madhara, hata akiwa mkubwa. Mfumo ule ulikuwa na dhuluma zake, hasa kwa wanawake na kwa waliotuhumiwa uchawi, na sipendekezi tuurudie. Lakini ulijua jambo ambalo kampuni zetu hazilijui: mnung'uniko wa walio chini ni sehemu ya utawala, na mkubwa anayeupuuza anajidhuru. Katika kampuni hizi manung'uniko hayana pa kwenda, hivyo yanaishia katika kundi la pili la WhatsApp ambalo meneja hayumo, kisha kazi inaachwa bila taarifa na mteja anaondoka.

Kwa watumishi wa umma nina ombi mahususi. Taasisi zenu nazo ni wateja wa kampuni hizi. Kabla ya kutoa zabuni, dai uthibitisho kwamba kampuni inawachangia wafanyakazi wake NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi; kisha lipeni ankara kwa wakati, ili mwajiri asikose kisingizio tu bali akose na sababu. Tume nayo iwaelekeze waliorudi vijijini jinsi ya kufungua shauri wakiwa mbali. Kwa wanaharakati: vyama vya wafanyakazi tulivyonavyo vimezoea kiwanda, shamba na shule, watafuteni vijana hawa, kwani hawana geti la kiwanda la kukutania. Kwetu wahadhiri: mwanafunzi wa masoko anayehitimu bila kuisoma sheria ya kazi tumemfundisha nusu.

Nanyi wanafunzi, mnapoianza kazi, ombeni maelezo ya ajira kwa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Tunzeni ujumbe wa maelekezo, saa zake na kumbukumbu za malipo, mahali ambapo mwajiri hawezi kupafuta. Siri za wateja ziacheni zilipo, si zenu. Na ukiambiwa leo kwamba kazi imekwisha, kabla hujakata tiketi ya kurudi nyumbani, pitia kwanza ofisi ya Tume. Siku 30 zimekwisha kuanza kuhesabiwa.